Usinijibu "Niko Sawa"

Muheza, Septemba

Mwanangu mpendwa,

Mdogo wako anapanda basi la alfajiri, na kifurushi hiki nimemwamuru akipakate, asikitie kwenye buti. Ndani mna sweta mbili, karafuu, iliki na kanga ya bibi yako, ambayo ameitoa mwenyewe bila kuombwa. Achari ikikushinda kubeba mwachie shangazi. Barua nimeificha katikati ya sweta makusudi. Ningekutumia kwenye simu ungeisoma umesimama kwenye foleni ya benki, kisha ungenijibu maneno mawili: niko sawa.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonikalisha mezani usiku huu. Juzi nilikuuliza kama tiketi imetoka, ukajibu, niko sawa baba. Nilikuuliza tiketi, sikukuuliza hali. Mambo ya Kidato cha Sita unayajua kuliko mimi, siyarudii. Ila safari hii unakwenda mahali ambapo sitaweza kupanda gari nije nikutazame usoni, nijue mwenyewe.

Tangu Newnham, koleji ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, walipokuandikia nimekuwa nikisoma habari za huko, hadi mama yako anasema utadhani msafiri ni mimi. Sikuanza kwa kupenda historia. Nilitaka kujua unakwenda kukaa na watu gani.

Kwanza ujue kwamba Cambridge ilianza na wakimbizi. Mwaka 1209 huko Oxford mwanamke mmoja aliuawa, mwanafunzi aliyeshukiwa akatoroka, na watu wa mji wakawakamata wenzake waliopanga nyumba moja naye wakawanyonga. Walimu na wanafunzi wakatawanyika. Baadhi yao wakaishia Cambridge, mji wa biashara kando ya mto, na wengine hawakurudi tena hata mambo yalipotulia. Wenyeji wa Cambridge nao hawakuwapenda. Mwaka 1381, wakati wa uasi wa wakulima, waliwavamia wasomi, wakachoma hati zao pale sokoni, na bibi kizee mmoja, Margery Starre, akayarusha majivu hewani akipiga kelele kwamba elimu ya wasomi hao iende zake. Mimi mwalimu mstaafu sipaswi kumpenda bibi huyo, lakini nampenda kidogo. Yeye angalau alisema lililomkera.

Habari ya koleji ilinisumbua mpaka nilipoisoma tangu mwanzo. Zamani wanafunzi walikuwa wavulana wadogo, wengine wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, wakipanga vyumba mjini na kupunjwa kodi. Maaskofu na matajiri wakaanza kutoa nyumba na mashamba ili wasomi wale na kulala pamoja, na kwa malipo yake wamwombee mfadhili roho yake ikapumzike. Ya kwanza Cambridge ni Peterhouse, iliyoanzishwa na Hugo de Balsham, askofu wa Ely, mwaka 1284. Mpango haujabadilika sana: chuo kikuu kinatunga mitihani na kutoa shahada, koleji inakulaza, inakulisha, na inakutafutia mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana.

Sasa sikiliza lililonikera mimi. Pembroke ilianzishwa mwaka 1347 na mjane, Marie de St Pol. Clare ina jina la mjane mwingine, Elizabeth de Clare. Christ's na St John's zimetoka katika mali ya Lady Margaret Beaufort, mama yake mfalme Henry VII. Wanawake walitoa mashamba, wakatoa fedha, wakajenga kanisa na bwalo la chakula, na binti zao hawakuruhusiwa hata kuketi humo na daftari. Hiyo Pembroke ya mama Marie ilipokea wasichana mwaka 1984! Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Shangazi yako, unayelala kwake hivi sasa, alikuwa mbele yangu darasani kwa hesabu. Ada ilitosha mtoto mmoja. Hatujawahi kulizungumza, mimi na yeye. Mpikie chai asubuhi, usingoje aamke akupikie.

Newnham yenyewe ilianza mwaka 1871 katika nyumba ya kupanga. Henry Sidgwick ndiye aliyeikodi, wakaingia wasichana watano chini ya uangalizi wa Anne Jemima Clough. Miaka kumi baadaye chuo kikuu kikawaruhusu rasmi kufanya mitihani ya shahada. Mitihani tu, shahada hapana. Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana ni somo lako. Mwaka 1890 matokeo ya hisabati yalisomwa ndani ya Senate House, jumba la sherehe la chuo kikuu, kama kawaida. Aliyeongoza wanaume wote aliitwa Senior Wrangler, cheo ambacho Uingereza nzima ilikiheshimu. Lilipofika jina la Philippa Fawcett wa Newnham, msomaji akatamka kwamba yuko juu ya Senior Wrangler. Watu wakalipuka kwa shangwe. Baada ya shangwe hakupewa kitu.

Mwaka 1897 walipopiga kura kama wanawake wapewe shahada, wanafunzi wa kiume walining'iniza sanamu ya msichana aliyepanda baiskeli, ng'ambo ya barabara kutoka hiyo Senate House, wakasherehekea kura ilipokataa. Mwaka 1921 kura nyingine ikakataa kuwapa uanachama kamili, vijana wakachukua mkokoteni wakaenda kulibomoa geti la shaba la Newnham, geti lililowekwa kwa kumbukumbu ya huyo mama Clough. Shahada zilitolewa kwa wanawake mwaka 1948. Bibi yako alikuwa ameshazaliwa! Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mambo ya huko ni ya kale na hayabadiliki, mwulize kale ipi.

Nakusifia, unaona. Sikukusifia siku majibu yalipotoka kwa sababu nyumba ilijaa watu na kila mtu alikuwa anakusifia. Nilikwenda kuwafungia mbuzi.

Narudi kwenye lile langu. Huko hakuna kujificha katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu. Mihadhara ipo, lakini kila wiki utakaa na mwalimu mmoja, pengine na mwenzako mmoja, hesabu zako ziko mezani, naye anauliza: hapa ulifikaje? Ukinyamaza, kimya chako kitajaa chumba kizima. Muhula ni wiki nane tu. Ukikaa kimya wiki tatu ukitumaini mambo yatajipanga, muhula umekwisha. Hujui, sema sijui. Hukuelewa swali, sema. Najua tulikulea kwamba mtoto mwema habishani na wakubwa. Mimi mwenyewe darasani kwangu mtoto wa maswali mengi nilimkalisha nyuma, na wakati ule ilionekana ni nidhamu. Mwalimu wa kule hatakuona huna adabu ukimwambia hukubaliani naye. Ndiyo kazi anayolipwa, kubishana na nyinyi.

Na kila mwanafunzi anapewa mlezi ambaye si mwalimu wa somo lake. Kazi ya mlezi huyo ni shida: ugonjwa, fedha, kukosa usingizi, msiba nyumbani. Hamtajuana kwa kuwa hamna ukoo, na hilo lisikuzuie. Nenda kwake wiki ya kwanza umsalimie ukiwa huna shida, ili siku ukiwa nayo usiwe unamtafuta mlango.

Senate House hiyo ina jambo jingine linalotuhusu. Tarehe 4 Desemba 1857 Livingstone alisimama humo akawaambia vijana wa Cambridge kwamba anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo, nao waiendeleze kazi. Biashara ilivyotufikia unaijua. Lakini kutokana na mwito ule ndipo ikaundwa UMCA, misheni ya vyuo vikuu, ambayo baadaye ilifika Zanzibar, ikajenga kanisa Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, na ikafika hapa kwetu Magila. Babu yangu alijifunza a, e, i, o, u kwenye shule yao. Kwa hiyo jengo hilo unaloliona kwenye picha lina mkono wake katika kusoma kwetu, kwa mema na kwa yale mengine, na ukihitimu utapigia magoti humo humo kupokea shahada yako. Sijaamua nijisikieje. Nawe usiharakishe kuamua.

Askofu wao wa kwanza alikuwa Charles Mackenzie, mwanahisabati wa Cambridge aliyeshika nafasi ya pili mwaka wake, 1848. Mtu wa hesabu kama wewe. Alikuja hadi mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mtumbwi ukapinduka, dawa zikapotea majini, na homa ikamuua Januari 1862. Yeye alikuwa mbali na daktari. Wewe utakuwa karibu na daktari, tena bila sababu yoyote ya kukaa chumbani na homa siku nne ukisema itapita. Baridi ya huko ikikushika kifua, nenda. Ukikosa usingizi, nenda. Ukilia bila kujua unalilia nini, nenda vilevile, kisha nipigie, hata kama ni usiku.

Fedha sasa. Ufadhili unalipa ada, chumba na posho, lakini Cambridge haitaki mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye kazi ya kulipwa wakati wa muhula, kwa hiyo usimwahidi mtu yeyote hapa kwamba utamtumia chochote. Watakupigia. Binamu yako ameshaanza kuuliza bei za simu. Waambie baba amekataa, nitabeba lawama mimi.

Utakula meza moja na watoto wa watu wenye majumba. Huko Oxford, katika koleji yao inayoitwa Pembroke vilevile, alikuwepo Samuel Johnson, aliyekuja kutunga kamusi kubwa ya Kiingereza. Aliingia mwaka 1728, viatu vyake vikachakaa hadi vidole vinachungulia. Mtu akamwekea jozi mpya mlangoni usiku. Asubuhi Johnson akavitupa kwa hasira. Haikupita muda mrefu fedha zikamwishia kabisa akarudi kwao bila shahada. Waingereza wanaisimulia hadithi hiyo kwa kumsifu. Mimi nasema angevaa viatu. Newton alipoingia Trinity, koleji ya Cambridge, mwaka 1661 aliingia kwa daraja la wanafunzi maskini waliofanya kazi za utumishi ili kupunguziwa gharama, na hakuna leo anayemkumbuka kwa sahani alizobeba. Ukipewa viatu, vaa. Ukihitaji koti, koleji nyingi zina mfuko wa kusaidia wanafunzi wenye dhiki. Uliza upo vipi.

Kiburi hicho najua umekitoa wapi. Mama yako anasema si kwake.

Ya nyumbani ni haya. Bati la jikoni limeezuliwa na upepo upande wa mnazi, fundi anakuja Jumatatu. Mbuzi wa madoa amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Jicho la bibi limepelekwa Tanga, wamesema ni mtoto wa jicho na watamfanyia upasuaji mwezi wa kumi na moja. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu, na mimi sitakujibu kwamba bibi yuko sawa ikiwa hayuko sawa. Mdogo wako amefeli tena jaribio la fizikia na amekwambia usiniambie, nimeshajua. Mpe madaftari yako ya zamani arudi nayo, yale ya jalada la bluu, si yale uliyoyachora maua.

Hati zako zibebe kwenye mkoba wa mkononi: barua ya koleji, barua ya ufadhili, majibu ya kipimo cha kifua kikuu. Nakala ziko kwangu. Ukifika usinitumie picha ya mto wala ya kanisa la King's, hizo ninazo. Nitumie namba ya chumba chako, jina la huyo mlezi, saa wanayofungua jiko, na umekula nini siku hiyo. Na shangazi anadai elfu thelathini za pasi, amekuonea aibu kukwambia. Nimezitia ndani ya bahasha ndogo kwenye mfuko wa sweta ya kijivu. Mpe leo.

Baba yako