Baba anasema naenda kuwa yaya mwenye digrii

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, mwenyeji wa Iringa. Mwaka jana nilimaliza shahada ya ualimu pale Mkwawa, masomo ya Kiswahili na Jiografia. Nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kujitolea miezi 12 kwenye chekechea, kupitia weltwärts, ule mpango wa serikali yao ulioanza 2008 kwa kuleta vijana wao huku, na tangu 2013 unatupokea na sisi wa miaka 18 hadi 28. Chakula, malazi na bima wanagharamia, na posho kidogo ya mwezi. Mshahara hakuna.

Hapo ndipo baba alipokataa. "Nimeuza nyanya za Ilula misimu mitatu usome, halafu ukawafute kamasi watoto wa Wazungu bure?" Anataka nibaki nisubiri ajira za serikali zitangazwe. Hoja anayo: deni la Bodi ya Mikopo linanisubiri, na wadogo zangu wawili wako sekondari.

Lakini Anti, linaloninyima usingizi si baba. Kwenye usaili wa video, mama anayesimamia ile chekechea aliniuliza: mtoto wa miaka mitatu amegoma kuvaa koti, nje baridi, wenzake wanasubiri mlangoni, utafanyaje? Nikanyamaza. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na wanafunzi 80 na ushei, na fimbo ilikuwa juu ya meza. Sikuipenda, ila niliishika, na mara mbili niliitumia. Kule tangu 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kipigo. Mwishowe nikajibu kwamba ningechuchumaa nimuulize kwa nini hataki. Walifurahi, wakanichukua. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Chanjo ya surua nimechomwa upya, maana tangu Machi 2020 huingii kufanya kazi na watoto kule bila uthibitisho, na kadi yangu ya kliniki mchwa waliila. Kijerumani nasoma kila jioni. Neno shule lenyewe tulilipata kwao, lakini mengine hayaingii kirahisi hivyo. Kujitambulisha na kuuliza njia naweza. Kumwambia mtoto "njoo nikufunge kamba za viatu" bado.

Imebaki miezi mitano. Kuna chekechea ya kanisa hapa Kihesa inatafuta msaidizi wa asubuhi, bila malipo. Nikajitolee huko kwanza, nizoee kuchuchumaa mbele ya watoto wetu? Au nishike tuisheni niliyoitiwa, nimwachie baba chochote kabla sijaondoka? Saa zinagongana, siwezi vyote viwili.

Na baba nimwambieje, Anti, kwamba kukaa na watoto wa miaka mitatu ndio ualimu ninaoutaka, wakati yeye anangoja kuniona nimesimama mbele ya kidato cha nne?

Wako,
Binti wa Kihesa