Kelele za ndege: kwa nini nasema serikali itoe fedha

Hounslow, London

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo, ni baridi tu.

Uliniuliza serikali ina haja gani ya kugharamia utafiti wa injini za ndege zenye kelele ndogo, wakati kampuni zenyewe zina fedha. Mimi nasema itoe, tena iongeze. Kampuni ikinunua injini hutazama kwanza mafuta, maana bili ya mafuta ni yake. Kelele tunazibeba sisi, wewe Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na mimi huku chini ya njia ya ndege za uwanja wa Heathrow, hata kama tiketi hatujakata.

Wanaoniuma zaidi ni watoto. Mwaka 2005 ulitoka utafiti uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, juu ya wanafunzi wa miaka 9 na 10 wanaosoma karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol wa Amsterdam na Barajas wa Madrid. Kwa Uingereza, kelele za ndege shuleni zikizidi kwa desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), watoto walionekana kuwa nyuma katika kusoma kwa kama miezi 2. Wala sishangai. Mwalimu anakatizwa katikati ya sentensi, anasubiri ndege ipite, anaanza tena. Hazijaisha dakika mbili, nyingine hiyo.

Dawa ipo, ila inachukua miaka. Mwaka 1952 mtaalamu wa hisabati James Lighthill, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester, alionyesha kwamba hewa inayochomoka kwenye injini ya jeti ikiongezwa kasi mara 2, nguvu ya kelele yake hupanda kama mara 256. Ndiyo maana injini za siku hizi zina feni pana mbele: zinasukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo.

Siku ukibahatika kuiona kwa karibu ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 787, Dreamliner, itazame injini kwa nyuma. Ukingo wake umekatwa meno kama msumeno. Meno yale huifanya hewa inayotoka ichanganyike na ya nje kwa utaratibu, mngurumo ukapungua. NASA, shirika la anga ambalo ni mali ya serikali ya Marekani, iliyachunguza miaka mingi, na mwaka 2005 ikayajaribu angani huko Montana pamoja na Boeing, watengeneza ndege, na General Electric, watengeneza injini. Lakini yanapunguza kidogo nguvu ya injini. Sasa niambie, mfanyabiashara gani angeanza peke yake kutafiti kitu kinachompunguzia nguvu, ili wewe ulale?

Utaratibu ninaoupenda ni ule ambao Marekani iliuanza mwaka 2010: serikali inatoa fungu lake, na kampuni inatoa si chini ya hapo. Hakuna anayekula bure. Ningeongeza sharti moja tu, kwamba kelele zipimwe mitaani kwetu, tena usiku.

Nataka kumwandikia mbunge wa huku juu ya jambo hili. Niandikie ndege za usiku zinapita kwenu saa ngapi, na kama Salma bado anashtuka usingizini.

Wako akupendaye,
Mama Idi