Wenye viti mwendo nao wapimiwe muda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu nilipojitolea kugawa maji katika mbio moja ya barabarani hapa Dodoma, jambo ambalo naona lisemwe mapema, wakati huu ambapo wengi wetu tunatamani makao makuu ya nchi yawe na marathoni kubwa inayolingana na hadhi ya jiji.

Meza yetu ya maji ilikuwa hatua chache baada ya mstari wa kumalizia. Walipita wa marathoni, wakaja wa nusu marathoni, kisha zikafuata familia za kilomita tano, baadhi wakitembea wameshikana mikono na wengine wakisimama katikati ya barabara kupiga picha. Nyuma ya umati huo alitokea kijana anayeendesha kwa mikono baiskeli ya magurudumu matatu, ile nzito ya chuma ambayo tunaiona kila siku pale sokoni Majengo, akipiga kengele na kuomba njia kwa watu ambao hawakuwa na habari naye. Alikuwa ameambiwa aanze baada ya wote, kwa sababu za usalama. Alipofika, geti la kumalizia lilikuwa limeanza kutolewa upepo na saa kubwa ilikuwa imezimwa. Mshereheshaji aliomba makofi, kijana akavishwa medali, akapigwa picha nyingi pengine kuliko mshindi. Alipokuja mezani kunywa maji aliniamkia, halafu akauliza swali moja tu: "Mwalimu, nimetumia muda gani?" Nilikwenda kwa wasimamizi kuuliza. Hakuna aliyekuwa ameuandika.

Simtaji mwandaaji, kwa kuwa sidhani alikuwa na nia mbaya, na kwa kuwa kasoro hiyo si yake peke yake. Ninachosema ni kwamba mshiriki asiyepimiwa muda hakushindana. Alialikwa kupamba shughuli.

Sisi wa kanda ya kati tungepaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na katika ile ya 1988 alizidiwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kisha Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, na yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi waamuzi watazame sehemu za mia za sekunde ili kumjua mshindi. Jirani zao tuliosherehekea sehemu ndogo kiasi hicho ya sekunde tunawezaje kuona ni sawa mtu amalize mbio bila hata dakika zake kuhesabiwa?

Huko Boston penyewe ambako Ikangaa alijulikana, suala la viti mwendo lilianza na saa. Mwaka 1975 kijana Mmarekani aitwaye Bob Hall aliomba kushiriki akiwa kwenye kiti chake, na mkurugenzi wa mbio, Will Cloney, akamjibu kwamba atapewa cheti kama wakimbiaji wengine endapo atamaliza chini ya saa tatu. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Naipenda habari hii kwa sababu Cloney hakumwonea Hall huruma. Alimpa masharti, na kutokana na masharti hayo kikazaliwa kipengele kamili cha mashindano. Leo Mswisi Marcel Hug anashikilia rekodi ya Boston ya saa 1, dakika 15 na sekunde 33, aliyoiweka mwaka 2024. Asije mtu akadhani hayo ni ya Ulaya na Marekani tu: Ernst van Dyk wa Afrika Kusini alishinda mbio hizohizo za viti mara kumi.

Muda huo wa Hug ni mwendo wa zaidi ya kilomita 33 kwa saa, wakati mkimbiaji anayeshinda marathoni huenda kama kilomita 20 kwa saa. Ndiyo maana katika mbio kubwa za dunia viti hutangulia kuondoka, wakimbiaji wakafuata baadaye. Ukiviweka nyuma, hata kama ni baiskeli zetu nzito na si viti vya mashindano, unakilazimisha chombo chenye kasi kipenye katikati ya watoto na kina mama wanaotembea, tena kwenye mteremko ambapo breki ni shida. Kwa hiyo hoja ya usalama, ambayo kijana wetu aliambiwa, kwa kweli inataka kinyume cha kilichofanyika.

Lipo pia suala la vyombo, ambalo nimeona hata watu wa michezo wakilichanganya. Kiti cha mashindano kina magurudumu mawili makubwa nyuma, yaliyoinamishwa kwa juu kuelekeana, na gurudumu dogo mbele kwenye fremu ndefu. Mshindani huinama karibu na magoti yake na kusukuma pete za magurudumu kwa glavu ngumu. Baiskeli ya kuzungusha kwa mikono inatumia mnyororo, nayo ni chombo kingine kabisa. Kuwashindanisha wa kiti na wa mnyororo pamoja ni sawa na kumpambanisha mkimbiaji na mwendesha baiskeli, na wenzetu wa Boston na New York wamezitenganisha. Hapa kwetu wengi wana hizi za mnyororo, na viti halisi vya mashindano ni ghali mno, hivyo sioni ubaya tukianza na tulichonacho, mradi kila aina iwe na kundi lake na matokeo yake.

Kuhusu njia, mtu asiyesukuma kiti hawezi kujua tuta la barabarani ni nini. Mkimbiaji huliruka bila kufikiri, lakini kwa gurudumu dogo la mbele tuta ni ukuta, na yale matuta madogomadogo yaliyopangwa mfululizo hutikisa mikono hadi mabega. Ukitoka katikati ya jiji kufuata barabara ya Dar es Salaam unakutana na malori, mabasi na bodaboda ambazo polisi hawawezi kuzizuia asubuhi nzima. Ningependekeza waandaaji wazitazame barabara za lami za ndani ya Mji wa Serikali pale Mtumba, ambazo Jumapili huwa na utulivu, na wapange njia ya kuzunguka mara kadhaa. Hakuna kanuni inayokataza marathoni ya mizunguko. Kinachotakiwa ni umbali upimwe kwa usahihi, kwa baiskeli yenye kihesabu cha mizunguko ya gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi zaidi ambao mshindani anaweza kuupita, ili kilomita 42 na mita 195 ziwe zimetimia kweli. Mbio hizo zianze alfajiri. Upepo wetu wa Julai na Agosti, unaofahamika kwa kila aliyewahi kufungua mwavuli Dodoma, huzidi jua linapopanda, nao humpiga aliyeketi chini pamoja na vumbi lake.

Zawadi nazo zinahitaji kusemwa, ingawa najua wadhamini hawapendi mjadala huu. Mwaka 2024 waandaaji wa marathoni ya London walizifanya zawadi za fedha za washindi wa viti mwendo kuwa sawa na za wakimbiaji mashuhuri. Sisi hatuna fedha za London, lakini usawa hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kiasi kilichopo kigawanywe kwa kipimo kimoja. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inazungumzia kushiriki michezo kwa msingi wa usawa na wengine. Mfuko wa unga na blanketi, ambavyo nimeviona vikitolewa mahali ambapo wengine walipewa hundi, havimo katika ibara hiyo.

Ombi langu kwa yeyote atakayeandaa mbio zijazo hapa jijini ni dogo. Aweke kilomita kumi za viti mwendo na za baiskeli za mikono, kila kundi na lake, waondoke dakika ishirini kabla ya wakimbiaji, wavae namba kama wengine, na matokeo yao yabandikwe kwenye ubao uleule. Iwapo tatizo ni mtu wa kusimama pale mwisho na kuandika, mimi nipo. Saa ya kupimia niliyoitumia miaka mingi kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, bado inafanya kazi, na yule kijana nimemwahidi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Kikuyu, Dodoma