Mdogo wangu, viungo vya mama havina unga

Mdogo wangu,

Naambiwa pakiti zako za viungo vya pilau sasa zimefika mpaka Makambako. Dereva mmoja wa Kosta kaziona dukani, zimetundikwa juu ya kaunta, na sura ya mama pale mbele. Hongera. Natoa hongera hiyo kwa moyo mmoja, maana ulianza na beseni moja na blenda ya kuazima, na waliokucheka leo wananunua kwako.

Ila lile jambo letu liko palepale.

Unawaambia watu nilikuaibisha. Harusi ya mtoto wa kaka, jikoni nyuma ya ukumbi, mbele ya shangazi na wale mama wa kwaya. Mchele wa Kyela ulishaoshwa, nyama inatokota, vitunguu vimeanza kushika rangi. Ukafungua boksi lako, ukashika mkasi, ukaanza kukata pakiti. Mimi nikachukua moja tu. Nikamimina kiganjani, nikalamba, chumvi ikatangulia. Ya pili ikawa karafuu, kwa mbali. Binzari nyembamba, ambayo ndiyo pilau yenyewe, niliitafuta nikaikosa. Ndipo nikachota kijiko, nikatia kwenye glasi ya maji, nikakoroga, nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vumbi la viungo likaelea. Maji yakageuka meupe. Kisha taratibu chini pakajikusanya kitu kizito kama uji wa mtoto.

Shangazi akainama, akaangalia, akauliza, "Huu si unga wa ngano?" Aliyesema ni shangazi. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Ukaweka mkasi, ukavua aproni, ukatoka, hata kwenye keki hukuonekana.

Kila mtu ananiambia ningekuita pembeni. Pembeni ipi, na moto umeshawashwa chini ya masufuria yote? Nikikuita pembeni, ukumbi mzima unakula chumvi na unga, halafu kesho yake wanasema hivyo ndivyo mama alivyokuwa anapika. Jina lake umelibandika hadharani, na mimi nikalitetea hadharani. Sioni nilichokosea hapo.

Shemeji alinitumia ujumbe mrefu kwamba iliki nayo ina wanga, kwa hiyo maji kuwa meupe si ushahidi. Mpe salamu zangu. Kweli iliki ina wanga, hata tangawizi kavu inao mwingi. Lakini iliki ya kijiko kimoja haijazi chini ya glasi namna ile, na chumvi haikuota kwenye mti wa iliki.

Najua kwa nini ulifanya. Iliki ni ghali, na mteja wa duka la mtaani anataka pakiti ya bei ya chenji. Nakuelewa kabisa. Mama mwenyewe, enzi zake pale Mwanjelwa, Mbeya, kabla soko halijaungua mwaka 2006, aliuza kwa vifungu vidogo kwa sababu hiyohiyo. Lakini ukitaka kuongeza ujazo kwa bei nafuu, kuna mbegu za giligilani. Zina bei rahisi, zina harufu ya heshima, hazigombani na binzari, na pilau haitalalamika. Iliki punguza, mteja ataisikia kwa mbali, si dhambi. Unga ni kitu kingine. Unga unavuta unyevu, na ukiutundika dukani Makambako kwenye ule ukungu wa asubuhi, mchanganyiko unaganda, unaota kuvu, na sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Watoto wa watu watakula hicho.

Chumvi nayo iache nje. Mpishi atatia ya kwake. Ukishamtilia wewe, akitaka harufu zaidi lazima ale na chumvi zaidi. Na kama huwezi kuiacha, basi iandike kwenye lebo, iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo nyingi.

Sasa naandika vipimo hapa. Utasema nimemwaga siri ya biashara yako. Siri gani? Mama alikuwa na kinu, siri hakuwa nayo. Aliuza viungo vizima, na aliyetaka vya kusaga alisagiwa huku anaona.

Vijiko vinane vya chakula vya binzari nyembamba, vitatu vya pilipili manga, viwili vya iliki, kimoja cha karafuu kisichojaa, na vijiti vinne vya mdalasini vya urefu wa kidole. Mdalasini tafuta ule mwembamba unaojikunja tabaka juu ya tabaka na kuvunjika kirahisi. Lile gome nene gumu nalo linauzwa kwa jina hilo, lakini ukali wake ni mwingine. Karafuu usizidishe, inatia ganzi ulimi na kufunika vingine vyote. Kila kimoja kikaangwe peke yake, kikaango kikavu, moto mdogo. Ukivitia pamoja, binzari inaungua wakati mdalasini hata joto haujapata, na binzari iliyoungua ni chungu, hakuna cha kuifunika. Ikianza kunukia na kubadilika rangi kidogo, epua umimine kwenye sinia palepale, kwani kikaango chenyewe kinaendelea kuikaanga.

Kisha uache vipoe kabisa. Hapa ndipo haraka yako ilipokuponza tangu utotoni. Ukisaga vya moto, ukafungia vya moto, mvuke unabaki ndani ya pakiti. Saga, chekecha, makapi rudisha kwenye kinu. Vijiko viwili kwa kilo ya mchele vinatosha. Na usisage gunia zima kwa siku moja. Kiungo kizima kinatunza harufu muda mrefu, kilichosagwa kinaanza kuipoteza siku hiyohiyo, hasa kikikaa kwenye mwanga au juu ya jiko.

Ile pakiti yako nyingine ya nyama choma sina ugomvi nayo sana, ila rozimari unaianika juani mpaka inakuwa ya kahawia. Ifunge vishada, itundike kivulini penye upepo. Ifanye Agosti mpaka Oktoba, masika usijaribu, hasa kama unaletewa kutoka Tukuyu.

Umewahi kusema, na maneno yalinifikia, kwamba haya yote sikukufundisha kwa makusudi ili niwe peke yangu ninayeyajua. Ulikuwa bweni, mdogo wangu. Halafu chuo, halafu kwako. Mimi ndiye niliyebaki Uyole namkandia mama miguu, namtwangia, naambiwa "ongeza", naambiwa "basi". Anayebaki nyumbani ndiye anayefundishwa, na sikumfukuza mtu. Lile kopo la Africafé alilotunzia viungo ulilitaka siku ya kugawana vitu, nikakataa, na ningekataa tena. Cherehani ulichukua. Vitenge vya sanduku ulichukua, hata kile cha zambarau alichokuwa ameniahidi mimi. Nilinyamaza. Kopo moja tu, na bado wifi zetu wanalizungumza kama nimeficha hati ya kiwanja.

Halafu wewe ndiye uliyemchekesha mama kuliko sisi wote. Ukija likizo nyumba inabadilika, anaacha kulala mapema. Mimi nilimpikia, wewe ulimchekesha, na ningependa siku moja mtu aniambie ipi ilikuwa kazi ngumu zaidi.

Pakiti ukizibadilisha nitazinunua, tena kwa bei ya rejareja, na nitawauzia hao mama wa kwaya mimi mwenyewe.

Jambo la mwisho ni ile picha kwenye lebo. Ni ya kitambulisho, na siku ile alikuwa na jino linamuuma, shavu limevimba upande mmoja. Hakuipenda hata kidogo, alikuwa anaigeuza chini kila akifungua pochi. Ninayo nyingine ya Krismasi, amesimama mlangoni, kichwani kilemba cha kijani. Nitakutumia WhatsApp ukinifungulia, maana naona bado umenifungia.

Dada yako