Shangazi, maji ya moto yapo, nimeyaoga

Shikamoo Shangazi,

Siku ile uliponipigia uliniuliza swali nikakosa jibu: "Mlima una theluji kichwani, maji ya moto yatoke wapi?" Ukaniambia nisikubali kila ninachoambiwa na watu wa huku Japani. Basi nimekwenda kuona kwa macho yangu. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa kuwa mjukuu wako atakusomea taratibu jikoni, na kwa kuwa wako shangazi wengi wenye magoti kama yako ambao habari hii inawahusu.

Nilikwenda Hirayu mwishoni mwa Oktoba. Ni kijiji cha milimani upande wa Takayama, mkoa wa Gifu, na kutoka Matsumoto ninakoishi ni kama saa moja na nusu kwa basi. Barabara inafuata bonde la mto, mabwawa ya umeme yanapita chini yako, kisha unaingia katika handaki la Abo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Lilifunguliwa Desemba 1997. Kabla ya hapo watu walipanda juu kupitia mlimani, na theluji ikianguka njia ilifungwa mpaka baridi iishe. Mle gizani niliwakumbuka waliolichimba. Februari 1995 mvuke ulilipuka ghafla kutoka ardhini karibu na mdomo wa upande wa mkoa wa Nagano, ule wa Matsumoto, ukawaua wafanyakazi 4. Mlima ule una moto tumboni, Shangazi. Jirani yake, Yakedake, ni volkano iliyo hai hadi leo. Ilipolipuka mwaka 1915 matope yake yaliziba mto na kuacha bwawa ambalo watu wanakwenda kulitazama mpaka sasa.

Ukishuka basi Hirayu, kinachokupokea ni harufu. Inakaribia ile ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, ila ni nyepesi. Mvuke unatoka kwenye mifereji ya kando ya barabara. Nilisimama nikiutazama nikakumbuka mfongo, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya kihamba chako, shamba lako la nyumbani, na jinsi ulivyokuwa ukituamsha alfajiri kwa sababu zamu yetu ya maji imefika. Na wao wanagawana, ila yao ni ya moto: chemchemi kama 40 zinalisha nyumba za wageni, mabafu ya kijiji, mpaka madimbwi ya kulowekea miguu ambapo mpita njia anavua viatu na kukaa.

Lakini nilianza na maporomoko ya maji ya Hirayu, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayekwenda kwenye maji aende kwanza kuyasalimu yanapoanguka.

Ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kutoka kituo cha basi, wa kupanda taratibu. Miti ilikuwa imegeuka yote, mingine njano ya ndizi mbivu, mingine nyekundu hasa. Wapandaji walionipita walifunga kengele ndogo kwenye mabegi, zikilia kila hatua ili dubu asikie na kuondoka mapema. Mimi sikuwa nayo, nikaimba zile nyimbo za kwaya ulizotufundisha, kwa sauti kamili. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka alisimama pembeni, akainamisha kichwa kidogo, akasubiri nimalize ubeti ndipo akaendelea na safari.

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Njia inapinda, miti inaachana, na yako pale: mstari mmoja mweupe, mita 64 kutoka juu hadi chini, upana wake mita 6 tu. Mwaka 1990 yaliingizwa katika orodha ya maporomoko 100 bora ya Japani, lakini pale mbele yake orodha haina kazi. Nilichokiona ni mwamba mweusi uliosimama wima kama ukuta wa kanisa, na maji yanayoanguka bila kugusa kitu mpaka nusu ya safari, kisha yanapasuka na kuwa vumbi. Vumbi lile linakujia. Kwanza kope, kisha midomo, kisha unagundua koti zima limelowa na hukuona tone hata moja likikuangukia.

Na baridi! Ilikuwa baridi ileile ya maporomoko ya kwetu Materuni, Shangazi, ile inayokuingia kwenye mifupa ya mkono ukichovya vidole tu. Nilifumba macho. Nilikuwa na miaka 6, mgongoni kwako, khanga imenibana, na wewe unashuka ule mteremko wa utelezi bila kushika kitu, unaniambia nisiogope kishindo kwa sababu maji yanasalimia tu. Nililia pale Hirayu. Sikuona haya, kwani uso ulikuwa umeshalowa.

Nilikaa karibu saa nzima. Februari, wenyeji wanasema, yanaganda na kuwa nguzo ya barafu ya rangi ya bluu, na usiku wanayamulika kwa taa. Ningependa kuyaona hivyo, ingawa sijui kama ningevumilia ukimya wake.

Sasa jibu la swali lako. Maji ya maporomoko yanatoka juu, kwenye miteremko ya mlima Norikura, wenye mita 3,026. Ni mvua na theluji iliyoyeyuka, imekimbia juu ya ardhi, haikupata nafasi ya kupata joto. Ya kijijini yalianza hivyohivyo, mvua na theluji, ila yenyewe yalizama. Yalipita kwenye nyufa za miamba, yakashuka mpaka kwenye mawe yaliyopashwa moto na volkano, yakachukua chuma na chumvi za huko, kisha yakasukumwa kurudi juu. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka mingi sana. Kwa hiyo theluji na maji ya moto havigombani, Shangazi. Yale ya moto ni theluji iliyopitia njia ndefu.

Wenyeji wana hadithi kwamba katika vita vya miaka ya 1560 askari waliochoka kwa kuvuka milima walimwona nyani mzee mweupe amekaa katika dimbwi akiuguza majeraha, nao wakaingia. Hivyo ndivyo chemchemi ilivyojulikana.

Nami niliingia. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, na unavua kila kitu. Najua utashtuka. Nami nilisita mlangoni. Lakini kwanza unakaa kwenye kigoda na beseni, unajisugua kwa sabuni mpaka uwe safi kabisa, kama tulivyokuwa tukikaa mtoni na kina mama wote wa ukoo, na hapo aibu ikaniondoka. Dimbwi liko nje, limezungushiwa mawe, maji yana wekundu hafifu wa kutu. Unaingia polepole. Joto linaanzia vifundoni, linapanda kwenye magoti, na pale kwenye magoti linakaa.

Bibi mmoja aliyekuwa ndani aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri. Nikasema Kilimanjaro, na uso wote ukafunguka: "Kirimanjaro! Kōhī!" Akakunja vidole kama anashika kikombe, akanywa hewa. Huku kahawa yetu inauzwa kwa jina la mlima, naye huinywa. Kwa Kijapani changu cha kuungaunga nikamwambia kuwa shangazi yangu huichuma kwa mikono yake, punje kwa punje, tangu akiwa msichana. Akanyamaza. Kisha akatoa mikono yangu majini, akaigeuza viganja juu, akaitazama muda mrefu kana kwamba ni yako.

Akauliza una miaka mingapi. Nikasema 71. Yeye ana 73. Akauliza: na magoti je? Nikamwonyesha unavyoinuka kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye paja. Akapiga maji kwa kiganja, akasema nikulete, na siku mbili hazitoshi.

Nauli nimeanza kuweka. Mwezi ujao nenda Uhamiaji pale Moshi ukaombe pasipoti, mjukuu wako akusindikize. Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya Biblia ya marehemu babu. Na uje na khanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kukukaushia nywele, kwa sababu taulo za kule ni ndogo mno.