Shemeji anasema hana uzio hapa

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe ukikuta maneno hayajakaa sawa. Sikulala usiku kucha na hata sasa nawaza jambo lile lile.

Unajua mambo ya majirani yalivyo, sina haja ya kueleza mengi. Upepo wa juzi umeangusha ule mti wa upande wa jirani yangu, huyu ninayemwita shemeji, ukalala juu ya uzio. Nguzo tatu zimekatika, seng'enge imeng'oka na misumari yake, na katikati pamebaki pengo ambalo mtu mzima anapita bila kuinama. Nimeziba kwa mabati makuukuu, mbwa wake anayasukuma kwa pua na kuingia.

Mti wenyewe niliusema mapema. Ulikuwa umeota uyoga shinani, na ukiugonga unasikia kabisa kwamba ndani ni mtupu. Nikamwambia kwa adabu, shemeji, huu mti umeoza, utakuja kutuumiza. Akasema ataushughulikia. Leo ananiambia upepo ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Upepo ni kazi ya Mungu, nakubali. Lakini mti aliokwisha kuonywa nao?

Haya, hilo nililimeza. Nikaita fundi aje apime, nikamwomba shemeji naye awepo ili asije akasema nimempelekea hesabu za kupika. Akaja. Fundi alipofika kwenye gharama na kutaja kugawana nusu kwa nusu, shemeji akasema, mbele ya fundi na mbele ya mwanangu, "Mimi sina uzio hapa." Akageuka akaenda zake.

Hana uzio hapa! Shangazi, mume wangu, Mungu amrehemu, alishika kamba mwisho huu na yeye akashika mwisho ule, wakaivuta kutoka bikoni hadi bikoni, zile alama za mpaka. Nguzo alinunua yeye, seng'enge akanunua mume wangu. Mashimo walichimba pamoja mpaka jua likazama. Hatukuandikiana karatasi, na watu sasa wananiambia tungeandikiana. Nani angemdai karatasi mtu aliyekuwa anaingia kwetu bila hodi? Mimi kumwita shemeji sikuanza jana. Na mwanangu anajua baba yake alijenga uzio ule na nani, ndiyo maana aliniuliza jioni kama baba alikuwa anatudanganya. Nilikosa la kumjibu.

Kuhusu nguzo, fundi alinionyesha zilivyokatikia usawa wa ardhi. Alisema nguzo ya mti huoza hapo kwanza, kwa kuwa unyevu na hewa vinakutana hapo, ndiyo maana juu ni nzima na kipande kilichozama ni kizima. Nilichokonoa kwa ukucha, ikamomonyoka. Basi shemeji kaipata hiyo habari, sasa anawaambia watu uzio ulikuwa umekwisha wenyewe, mti umemalizia tu. Huyu si ndiye hana uzio hapa? Anajuaje hali ya nguzo zake?

Hela yake siitaki. Nataka hilo lieleweke, maana nasikia inasemwa kwamba mjane anatafuta wa kumjengea. Tangu niachwe peke yangu sijamwomba mtu kitu. Ila nusu ni haki alipe, uzio wa mpakani unawakinga wote wawili, na mbwa ni wake. Tena akija leo na hiyo nusu bila kuniambia lolote kuhusu neno lile, sijui kama nitaipokea.

Mkewe bado ananisalimu, lakini anaangalia chini. Yeye simlaumu.

Mwenzangu wa kazini ananishauri niende uongozi wa mtaa. Anasema uzio uliosimama juu ya mpaka kwa kawaida huhesabiwa wa wote wawili, isipokuwa hati zionyeshe vingine, na kwamba nilimwonya kuhusu mti ni jambo lenye uzito. Sawa, lakini nilimwonya tukiwa wawili tu, na nikishampeleka mtu mbele ya viongozi, tutasalimiana tena? Fundi naye anasema niachane na malumbano, nijenge ukuta wangu hatua moja ndani ya kiwanja changu, kila mtu abaki na lake. Moyo wangu uliupenda huo ushauri, nikaanza hata kupiga hesabu ya saruji. Usiku ndipo nikajiuliza, ile hatua moja itakuwa ya nani? Bikoni moja imefukiwa na shina la mti huo huo. Aliyeikana kazi ya mikono yake mbele ya shahidi, atashindwa kusema baadaye kwamba mpaka ni ukuta wangu? Nasikia sehemu nyingi mtu akitumia ardhi miaka mingi bila kuulizwa anaweza kuja kuidai. Nami nikitengeneza ule wa zamani kwa fedha yangu peke yangu, si nitakuwa nimemthibitishia kwamba kweli hana uzio hapa?

Fundi anataka jibu, ana kazi nyingine inamsubiri. Mwanangu hataki tena kwenda kwao kucheza, na mimi sijamkataza. Niambie nijenge wapi, Shangazi. Na kama unaona nirudi kubisha hodi kwake kwanza, niambie niseme nini akifungua.

Msomaji wako