Malalamiko kuhusu chai ya Japani mnayoiuza kwa jina la awabancha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hii. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu, kwa shilingi 85,000, pakiti ya gramu 100 ambayo lebo yake ya mbele inasema kuwa ni awabancha halisi ya Uji, chai ya kijani iliyokaa miaka mitatu ndani ya pipa. Kilichomo si awabancha, na lebo yenyewe inatoa ushahidi huo kwa yeyote anayeifahamu chai hii.

Uji ipo Kyoto, na sifa yake ni chai za kijani ziitwazo matcha na gyokuro. Awabancha hutengenezwa milimani katika mkoa wa Tokushima, kisiwani Shikoku, hasa Kamikatsu na Naka, na mwaka 2021 serikali ya Japani iliutambua rasmi utengenezaji wake kuwa sehemu muhimu ya urithi wa utamaduni. Wakulima huyaacha majani yakomae hadi kiangazi, huyachuma, huyachemsha, huyasugua, kisha huyashindilia ndani ya pipa, ambalo kwa desturi ni la mbao, na kuweka mawe mazito juu ili hewa isipite. Humo bakteria wa asidi ya laktiki, walio wa jamii moja na wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, huyachachusha kwa wiki mbili au zaidi, ndipo majani huanikwa juani. Muda wa kukaa pipani huhesabiwa kwa wiki, si kwa miaka. Pipa si pambo la kuuzia: bila kufungiwa humo majani hayachachi, na chai isiyochacha haistahili kuitwa awabancha.

Nilichokikuta katika pakiti yenu ni majani membamba ya kijani kibichi, yaliyosokotwa kama ilivyo sencha, yaani chai ya kijani ya kawaida ya Japani, ilhali majani ya awabancha ni makubwa na ya rangi ya kahawia. Maji yake yalitoka ya kijani, yenye ukakasi, wala hayakuwa na dalili ya uchachu. Harufu ya mbao na vanila ilikuwa kali pakiti ilipofunguliwa, lakini ilitoweka kabisa nilipoyamiminia majani yale yale maji ya moto kwa mara ya pili. Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo mno, viambato vimetajwa kuwa ni chai ya kijani na vionjo.

Ofisa wenu aliyenijibu kwa simu alisema kuwa ladha hutegemea ulimi wa mnywaji. Sikubaliani naye hata kidogo. Ulimi unaweza kuupenda uchachu au kuukataa, lakini hauwezi kuubuni pale ambapo haupo, na mimi silalamiki kwamba chai haikunipendeza bali kwamba nimeuziwa kitu kingine. Jambo hili linaniuma zaidi kwa kuwa wengi wetu hapa nchini, tuliozoea chai nyeusi ya Mufindi na Rungwe, tutalisikia jina awabancha kwa mara ya kwanza kupitia pakiti hii, na tutaamini kwamba kazi nzito ya wakulima wale ni kunyunyizia majani harufu.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha zangu zote ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, muiondoe sokoni chai yenye lebo hiyo hadi itakaposahihishwa, na mnijulishe kwa maandishi nyaraka zenu za uagizaji zinataja asili ipi ya majani haya. Nisipopata jibu, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha za pande zote mbili za lebo. Majani yaliyosalia nimeyahifadhi katika pakiti yake, na nipo tayari kuyakabidhi kwa ukaguzi mbele ya mwakilishi wenu.

Wenu mteja,

(Sahihi)